Kuyaona Matumbawe ya Mafia: Mwongozo wa Kuogelea kwa Mrija na Kuzamia kwa Mtungi

Ghuba ya Chole iko kusini-mashariki mwa kisiwa cha Mafia, nayo imekingwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo dhidi ya mawimbi ya bahari kuu. Maji ya ghuba huingia na kutoka kupitia njia chache nyembamba, maarufu zaidi ikiwa ni Mlango wa Kinasi, na kando ya njia hizo ndipo matumbawe yaliposhamiri, kwa kuwa kila maji yanapojaa huletewa maji safi na chakula kutoka nje. Eneo hili limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini Tanzania, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Ndani ya mipaka yake wanaishi watu, wengi wao wavuvi, na mgeni anayeingia majini anaingia mahali wanapopatia riziki.

Anayepanga safari kwa kawaida huuliza kwanza bei ya vifaa na mahali pa kulala. Kwa maoni yangu swali la kwanza ni jingine kabisa: katika siku hizo, maji yatakuwa katika hali gani? Miwani nzuri na mtungi uliojaa havimsaidii mtu aliyeingia Kinasi wakati maji yanatoka kwa kasi, yamebeba tope la mikoko na kumvuta kuelekea bahari kuu. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na kalenda, na vifaa vinakuja baadaye.

Hatua ya kwanza: chagua msimu, kisha uhesabu mwezi

Kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, upepo wa kusi ukiwa umekatika na kaskazi bado haujapata nguvu au ukivuma kwa upole, vyombo huweza kutoka nje ya ghuba na kufika kwenye kuta za matumbawe zinazotazama bahari kuu. Kipindi cha maleleji, yaani kati ya pepo hizo mbili, ndicho chenye bahari tulivu zaidi. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu, na wazamiaji wengi hubaki ndani ya ghuba, ambako bado kuna mengi ya kuona ingawa maji hupoa hadi nyuzijoto 25 hivi. Aprili na Mei ni miezi ya masika. Mvua huwa nyingi, maji hupoteza uangavu, na baadhi ya hoteli hufunga, hivyo simshauri mtu aende wakati huo kwa ajili ya kuzamia.

Ukishapata msimu, tazama mwezi. Siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3 na mikondo katika milango huwa mikali. Katikati ya vipindi hivyo, karibu na tarehe 8 na tarehe 23 za mwezi wa Kiislamu, huja maji mafu, ambapo bahari husogea kidogo tu. Katika pwani yetu, wakati wa bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka, na maji hujaa katikati ya asubuhi, saa ambayo jua limeshapanda na upepo bado haujachachamaa. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Kwa hiyo, anayeanza na apange wiki yake iangukie maji mafu. Ataogelea asubuhi katika maji yaliyojaa, mkondo ukiwa dhaifu, na hatalazimika kusubiri hadi jioni. Mzamiaji mzoefu anaweza kuipenda bamvua, kwa sababu maji yanayoingia kwa kasi huwavuta samaki wakubwa kwenye Mlango wa Kinasi, lakini hata yeye huingia maji yanapoelekea kujaa au yanaposimama, na hutoka kabla hayajageuka. Maji yanayoingia huwa maangavu kwa sababu yanatoka bahari kuu, na yanayotoka yamepita juu ya mchanga, majani ya bahari na mizizi ya mikoko. Ukiwa na mashaka, muulize nahodha. Mtu aliyekulia Chole au Jibondo hahitaji jedwali la maji.

Hatua ya pili: jipime wewe mwenyewe

Wengi wetu tulikulia karibu na bahari bila kujifunza kuogelea, na si aibu kulisema hilo mapema. Kuogelea kwa mrija hakuhitaji ufundi mkubwa, lakini kunahitaji mtu aweze kuelea kwa utulivu bila kugusa chini. Jaribu katika maji yanayokufikia kifuani: lala kifudifudi, uso ndani ya maji, mikono imetulia, kwa dakika kadhaa. Ukishindwa, vaa jaketi la kujiokolea na uendelee kulivaa hata ukiwa mwambani. Jaketi halikuzuii kuona chochote, kwa kuwa matumbawe mengi ya ghuba yanaonekana vizuri kutoka juu.

Kuzamia kwa mtungi ni jambo lingine. Shule za uzamiaji hutoa fomu ya afya, na fomu hiyo ijazwe kwa ukweli mtupu. Pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, upasuaji wa mapafu au wa masikio ni mambo ya kumweleza daktari kabla ya kulipa fedha yoyote, na mwanamke mjamzito asizamie kwa mtungi kabisa. Hata mafua ya kawaida ni sababu ya kuahirisha. Pua ikiziba, hewa haiwezi kufika kwenye sikio la kati kusawazisha shinikizo, na kulazimisha kunaweza kupasua ngoma ya sikio.

Hatua ya tatu: fika, lipa, na umchunguze mtoa huduma

Mafia hufikika kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam au kwa chombo cha majini kutoka Nyamisati hadi Kilindoni. Kutoka Kilindoni barabara huelekea Utende, ufukweni mwa ghuba, na njiani kuna lango la hifadhi ambapo ada ya kuingia hulipwa kwa kila siku. Raia wa Tanzania hulipa kiasi kidogo kuliko wageni, hivyo chukua kitambulisho, na utunze stakabadhi kwa sababu unaweza kuiombwa tena.

Ukifika kwenye kituo cha uzamiaji, usitosheke na picha zilizobandikwa ukutani. Omba kuonyeshwa mtungi wa oksijeni ya huduma ya kwanza na uulize nani anajua kuutumia. Uliza pia kila kiongozi huchukua wageni wangapi, na kama chombo hubeba redio au simu inayofanya kazi huko nje. Mwenye kituo kizuri hufurahi kuulizwa. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Hatua ya nne: vifaa, na hasa miwani

Miwani ya kuzamia lazima ifunike pua. Miwani midogo ya kuogelea, ile inayofunika macho tu, haifai kwa kushuka chini, kwani huwezi kupuliza hewa ndani yake na shinikizo la maji litaikandamiza dhidi ya macho. Ili kujua kama miwani inakufaa, iweke usoni bila kuvuta mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha uiachie. Ikibaki imenata, inafaa, na ikianguka, chukua nyingine, wala usimsikilize anayesema ukaze mkanda zaidi. Unywele mmoja uliopita chini ya ukingo wa mpira unatosha kuingiza maji. Wanawake wenye nywele za kusuka, na wanaovaa hijabu ya kuogelea, wahakikishe kitambaa na nywele vinapita nje ya ukingo huo, mkanda ukae juu yake. Mwenye masharubu mazito atavumilia maji kidogo au apake mafuta mazito.

Kioo kipya huwa na utando wa kiwandani unaokifanya kifunge ukungu. Kisugue kwa dawa ya meno kwa ndani, ukisuuze, na baadaye kila unapoingia majini kiteme mate, uyasambaze na usuuze haraka. Dawa za kisasa zipo, ila mate hayajawahi kuisha dukani.

Mapezi yakae sawasawa mguuni bila kubana vidole. Vaa fulana ya mikono mirefu na suruali ya kuogelea, kwa kuwa anayeelea kifudifudi kwa saa nzima huunguzwa mgongo na nyuma ya magoti, hata mwenye ngozi nyeusi. Nguo hizo zinapunguza pia haja ya mafuta ya kujikinga na jua, ambayo baadhi yake yana kemikali inayodhuru matumbawe, oksibenzoni, iliyopigwa marufuku katika nchi ya Palau mwaka 2020 na Hawaii mwaka 2021.

Hatua ya tano: jifunze ukiwa bado unaweza kusimama

Usiende mwambani kabla ya kufanya mambo matatu katika maji ya kina kifupi. Kwanza, pumua kwa mrija polepole na kwa pumzi ndefu, uso ukiwa ndani ya maji, hadi moyo utulie. Pumzi fupi za haraka huacha hewa chafu ndani ya mrija na kumfanya mtu ahisi anakosa hewa wakati hewa ipo. Pili, zamisha kichwa ili mrija ujae maji, inuka, kisha puliza kwa nguvu mara moja, kama unayezima mshumaa ulio mbali. Tatu, ruhusu maji kidogo yaingie kwenye miwani, bonyeza sehemu ya juu ya fremu kwenye paji la uso, tazama juu na upulize kwa pua hadi maji yatoke chini. Atakayerudia mambo haya mpaka yamchoshe hatashtuka wimbi likimmwagia maji huko mbele, na mshtuko ndio unaozamisha watu wengi kuliko maji yenyewe.

Unapotembea na mapezi, tembea kinyumenyume. Unapopiga miguu, nguvu itoke nyongani, goti likunjwe kidogo tu, na mapezi yasitoke juu ya maji.

Hatua ya sita: juu ya mwamba

Ingia ukiwa na mwenza, na mkubaliane nani anamfuata nani. Anza kwa kuogelea dhidi ya mkondo, ili urejee chomboni ukisukumwa nao utakapokuwa umechoka. Kila baada ya dakika chache inua kichwa, tazama chombo kiko wapi, na utazame vyombo vingine pia, kwani nahodha wa mashua inayopita hawezi kukiona kichwa chako kwa urahisi.

Hapo sasa utazame. Tumbawe linaonekana kuwa jiwe lakini ni koloni la wanyama wadogo mno, na ndani ya tishu zao huishi mwani unaowapa sehemu kubwa ya chakula chao na rangi yao. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa takriban nyuzijoto 1 kwa wiki kadhaa, wanyama hao huutoa mwani huo, na tumbawe hubaki jeupe. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, ambapo miamba ya Tutia, kusini mwa ghuba, ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake hai. Ukiona mahali penye vifusi vya vijiti vilivyovunjika, huenda ni athari ya joto, nanga, au baruti za zamani za uvuvi haramu. Tumbawe lenye matawi huweza kukua sentimita 10 kwa mwaka likiwa na hali nzuri, ilhali lile la duara, lenye umbo la ubongo, hukua sentimita 1 au pungufu. Kwa hiyo tumbawe la duara lenye urefu wa mita moja na nusu limekuwapo kabla ya babu yako, na pigo moja la pezi linatosha kulijeruhi.

Usisimame juu ya matumbawe hata ukichoka. Lala chali, jaza mapafu, na uelee. Kama maji yamepwa kiasi kwamba tumbo linakaribia kugusa, umechelewa kutoka, na njia ya kurudi ni kupita penye mchanga.

Katika viwanja vya majani ya bahari tembea kwa kuburuza nyayo ili samaki taa aliyejifukia akimbie. Karibu na miamba usitie mkono kwenye mapango, ambamo mkunga hupenda kukaa, naye haumi ila akidhani anashambuliwa. Usiokote konokono wenye gamba la umbo la pia, hata wakiwa wazuri namna gani, maana baadhi yao huchoma kwa mshale wenye sumu inayoweza kuua. Samaki mwenye mapezi ya milia yaliyotandazwa, na yule anayefanana kabisa na jiwe lenye kuvu, wana miiba ya sumu mgongoni. Aliyechomwa na samaki wa aina hizo, au na taa, atoke majini, atumbukize sehemu hiyo katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasiyozidi nyuzijoto 45, kwa saa moja au zaidi, kwa kuwa sumu hizo huharibiwa na joto. Kisha aende hospitali. Yavuyavu nao huja kwa misimu, na fulana ya mikono mirefu ndiyo kinga bora.

Kuna onyo moja linalowahusu zaidi vijana wenye nguvu. Mtu anayetaka kushuka kwa pumzi moja asivute pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama. Kufanya hivyo hakuongezi oksijeni ya maana. Kunapunguza kaboni dioksaidi, ambayo ndiyo huuamsha mwili kudai hewa. Mwili usipodai, mtu hupoteza fahamu bila kuhisi chochote, mara nyingi akiwa amekaribia kuibuka. Mwenza abaki juu wakati mwingine ameshuka, na zamu zibadilishwe.

Hatua ya saba: kwa mtungi

Asiye na cheti anaweza kufanya jaribio la kuzamia akiongozwa na mwalimu, kina kisichozidi mita 12. Cheti cha awali huchukua siku tatu hadi nne za masomo na mazoezi, humruhusu mtu kushuka mita 18, na watoto huweza kuanza wakiwa na umri wa miaka 10 kwa masharti maalumu. Ukipata nafasi na fedha, soma kozi nzima.

Kanuni iliyo juu ya zote ni kutozuia pumzi. Juu ya bahari tuna shinikizo la hewa peke yake. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo jingine kama hilo. Mapafu yaliyojazwa hewa ya mtungi kwenye mita 10, kisha mtu akapanda huku amefunga koo, hewa hiyo ingetaka nafasi maradufu afikapo juu, na mapafu yangepasuka. Kwa sababu hiyo mita 10 za mwisho ndizo za hatari zaidi, kinyume na wanavyodhani wengi wanaoogopa kina.

Unaposhuka, sawazisha masikio tangu mita ya kwanza, kwa kubana pua na kupuliza taratibu. Usisubiri maumivu. Yakija, panda kidogo, jaribu tena, na ukishindwa mara ya pili mwashirie kiongozi. Ishara zenyewe zijifunze chomboni: duara la kidole gumba na cha shahada maana yake uko salama, na dole gumba lililoinuliwa maana yake ni “tupande juu”. Wageni wengi huinua dole gumba wakitaka kusema wamefurahi, kisha hushangaa kundi zima likianza kuondoka.

Tazama kipimo cha hewa mara kwa mara. Mtungi huanza na baa (kipimo cha shinikizo) 200 hivi, na safari ipangwe ili ufike juu ukiwa bado na baa 50. Panda polepole, mita 9 kwa dakika au chini ya hapo, na usimame kwenye mita 5 kwa dakika 3, ili naitrojeni iliyoyeyuka katika damu ipungue kwa utaratibu. Katika Kinasi wazamiaji huachia mkondo uwabebe huku chombo kikifuata viputo vyao, hivyo kila kundi liwe na boya la ishara la kupandisha kabla ya kuibuka.

Chukua tochi hata mchana. Rangi nyekundu hupotea ndani ya mita chache za kwanza, na chewa anayeonekana wa kijivu kwenye mita 15 hugeuka mwekundu ukimmulika.

Ukimfuata papa potwe

Upande wa magharibi wa kisiwa, mbele ya Kilindoni, maji hayana uangavu wa Chole kwa sababu ya Mto Rufiji unaomwaga maji yake upande wa pili wa mlango-bahari. Maji hayo yenye rutuba hulisha viumbe vidogo sana, na viumbe hivyo humleta papa potwe, hasa kati ya Oktoba na Machi. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na hana haja na binadamu. Kwake tumia mrija, si mtungi. Ingia majini taratibu bila kurukia, kaa umbali wa mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani, usipige picha kwa mwako, usimguse, na usimzibie njia. Chombo kikimzunguka au kumkimbiza, mwambie nahodha aache.

Baada ya kutoka majini

Kunywa maji mengi, pumzika, na usifanye kazi nzito siku hiyo. Maumivu ya viungo, ganzi, vipele, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida ndani ya saa 24 baada ya kuzamia kwa mtungi vichukuliwe kuwa ugonjwa wa naitrojeni hadi daktari aseme vinginevyo. Mgonjwa alazwe, apewe oksijeni safi mara moja, na kituo kiwasiliane na daktari wa wazamiaji.

Asiyezamia ila mara moja asubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, na aliyezamia mara kadhaa asubiri saa 18 au zaidi, hata kama ndege ni ndogo na safari ni fupi. Siku ya mwisho, basi, iwe ya mrija. Anayerudi kwa chombo cha Nyamisati hapandi angani, lakini naye asizamie kwa mtungi asubuhi ya safari, kwa sababu dalili huweza kuchukua saa kadhaa kujitokeza, na ule mtungi wa oksijeni utakuwa umebaki Utende.